Kiatu Kikuukuu cha Miró: Je, Dola 30 za MoMA Zinalipa?

Ukiingia Museum of Modern Art (MoMA), jumba la sanaa la New York, ukapanda moja kwa moja hadi kwa Van Gogh, ukapiga selfi, kisha ukashuka dukani kununua kikombe, dola 30 zako zimeliwa. Hiyo ndiyo bei ya mtu mzima. Mkiwa watatu ni dola 90 kabla hamjaagiza hata chai. Tathmini hii inahusu namna nyingine ya kuitumia tiketi hiyo: kwenda kwa ajili ya picha moja ambayo watu wengi huipita, picha ya vita isiyo na askari, bunduki wala maiti. Ina chupa, tofaa, mkate na kiatu.

Kwenye tovuti ya jumba, itafute kwa jina Still Life with Old Shoe. Mchoraji ni Joan Miró, Mkatalani aliyezaliwa Barcelona mwaka 1893. Ni rangi ya mafuta juu ya turubai, sm 81.3 kwa sm 116.8, karibu sawa na karatasi ya A0. Ilianzwa tarehe 24 Januari 1937 na kumalizika 29 Mei mwaka huohuo, mjini Paris. Jumba liliipata kutoka kwa James Thrall Soby, mkusanyaji na mwandishi wa sanaa aliyemwelewa Miró kuliko Wamarekani wengi wa wakati wake.

Hizo tarehe zishike, maana zinabeba nusu ya picha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilizuka Julai 1936. Miró alifika Paris miezi michache baadaye, akakwama huko. Mkewe Pilar na binti yao walimfuata, lakini kazi nyingi alizokuwa amezianza zilibaki Hispania. Hakuwa na karakana wala vifaa vyake alivyovizoea. Januari 1937 akamwandikia Pierre Matisse, aliyekuwa akimuuzia picha zake New York, kwamba sasa anaanza jambo tofauti kabisa: atachora vitu halisi, akivitazama. Kwa mtu ambaye kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa anachora alama, nyota na viumbe wa ndotoni, uamuzi huo haukuwa mdogo. Pa kufanyia kazi alipata kwenye roshani ya ndani ya Galerie Pierre, nyumba ya picha ya Pierre Loeb. Turubai ikiwa bado mikononi mwake, Jumatatu tarehe 26 Aprili, ndege za Wajerumani na Waitalia waliokuwa wakimuunga mkono Franco, jenerali aliyeongoza waasi, ziliulipua mji wa Guernica, Hispania. Siku tano baadaye, katika jiji hilohilo la Paris, Picasso alianza michoro ya mwanzo ya ile picha yake kubwa, Guernica, iliyopewa jina la mji huo.

Sasa vitu vyenyewe. Upande wa kushoto kuna tofaa lililochomwa uma. Kuna chupa ya gin iliyofungwa kwa karatasi iliyochanika na kamba. Kuna kipande cha mwisho cha mkate, kile ambacho nyumbani huachiwa atakayechelewa kula. Na kulia kuna kiatu kimoja kilichochakaa, kisicho na mwenzake. Basi, hakuna kingine. Ukivipanga vitu hivi juu ya meza halisi, ni mlo wa fukara na hakuna atakayeshtuka. Kinachoshtua ni alichofanyiwa kila kimoja wakati wa kupakwa rangi, na hapo ndipo inafaa kukaa.

Anza na tofaa. Katika picha za vitu tuli za zamani, za Wahispania na za Waholanzi, chakula huchorwa ili mate yajae mdomoni: zabibu inang'aa, ngozi ya samaki ina majimaji, mkate umebonyea pale ulipokatwa. Miró ameiondoa ahadi hiyo. Tofaa zima halichomwi uma. Hushikwa kwa mkono au hukatwa kwa kisu. Kwa hiyo kabla hujafikiria vita, mkono wako tayari umejua kwamba kitendo hiki si cha kula. Uma umeingia kama unavyoingia mwilini, na ndiyo maana wachambuzi wengi wanauona kama singe. Tazama mahali meno ya uma yanapokutana na ganda. Mchoraji angeweza kupafunika kwa kivuli, lakini amepaacha wazi.

Kisha mkate. Upande uliokatwa una mashimo meusi, na jicho likishayaona kama matundu ya macho, mkate unakuwa fuvu na haurudi tena kuwa mkate. Jambo zuri hapa ni kwamba Miró hakuchora fuvu. Wachoraji wa Ulaya kwa karne nyingi waliweka fuvu halisi mezani kumkumbusha tajiri kwamba atakufa. Hapa kifo kimeingia ndani ya chakula chenyewe, na wa kukumbushwa ni mwenye njaa, ambaye hakuhitaji kukumbushwa.

Rangi ndizo zinazobeba kazi kubwa zaidi. Kuna njano kali inayoelekea kwenye kijani, nyekundu inayouma, zambarau, na nyeusi nyingi mno. Njano ikilazwa kando ya nyeusi huwaka kuliko ilivyo kwenye tyubu. Nyekundu na kijani zikigusana, jicho halipati pa kutua, linahama kutoka moja kwenda nyingine bila kupumzika. Miró anazijua hila hizi na anazitumia kinyume cha starehe: kila penye mapumziko ya kawaida ya macho, kama ubavu wa chupa au mgongo wa mkate, ameingiza rangi inayokusukuma uondoke. Hakuna dirisha linaloleta mwanga. Kila kitu kinaonekana kuwaka kwa ndani, au kumulikwa na moto ulio nje ya fremu, na vivuli vimepanuka hadi vikawa mawingu meusi makubwa kuliko vitu vinavyodaiwa kuvitoa.

Jambo jingine hupitwa na wengi: meza iko wapi? Ukitafuta ukingo wake hutaupata kwa uhakika. Nyuma ya vitu panageuka kuwa upeo wa macho, kama mashamba ya usiku. Bila meza, ukubwa wa vitu unayumba. Kiatu kinaweza kuwa kilima na chupa jengo linaloungua. Kwa hiyo picha inafanya mambo mawili kwa pamoja, inakupa mabaki ya mlo wa mtu mmoja na nchi nzima inayoteketea, na haikuruhusu kuchagua moja. Hicho ndicho kipimo chetu cha picha ya vitu tuli inayobeba uchungu wa vita. Uchungu lazima ukae ndani ya rangi, mwanga na mpangilio. Ukitegemea maelezo ya ukutani peke yake, picha imeshindwa.

Kwa kipimo hicho picha hii inapata alama za juu, ila ina kasoro moja ya kweli. Mtu asiyejua mwaka wala mji anaweza kuiona ya furaha. Rangi zile zile zinazotia kichefuchefu, kwa jicho lenye haraka zinafanana na mabango ya sherehe, na jina la Miró limeuzwa mno kwenye mifuko na kalenda zenye nyota za rangi. Anayepita kwa sekunde tano ataona "Miró mwingine" na kuendelea. Guernica ya Picasso haina tatizo hilo. Ukubwa wake, karibu m 3.5 kwa m 7.8, na farasi anayelia vinakukamata hata kama hutaki. Jumba hilihili liliitunza Guernica tangu 1939 hadi ilipopelekwa Hispania mwaka 1981. Miró anakutaka usimame. Usiposimama, hupati kitu.

Namna ya kuitazama, basi. Tenga dakika 20. Simama kwanza umbali wa kama mita tatu, bila kusoma kibao, na uangalie nyeusi tu: zinaanzia wapi, zinaelekea wapi, zinafunika nini. Kisha sogea hadi mita moja na nusu na ufuate mistari ya ukingo wa kila kitu. Utaona kwamba vitu vimechorwa kwa uangalifu wa mtu anayetazama kweli, ila ndani ya mistari hiyo rangi zimeasi. Mwisho karibia kadiri mlinzi atakavyokuruhusu na uangalie sehemu mbili, meno ya uma na uso wa mkate uliokatwa. Sasa ndipo usome kibao. Wanaoanza na kibao hupata neno "vita" kwanza, na baada ya hapo wanatafuta ushahidi badala ya kutazama. Kosa lingine la kawaida ni kuitazama kupitia simu. Kamera ya simu huongeza ukali wa rangi na kufungua vivuli, kwa hiyo nyeusi ya Miró hugeuka kijivu cha buluu na picha nzima hupoteza uzito. Kupiga picha bila flashi kunaruhusiwa, lakini piga ukishamaliza kutazama.

Ukitoka hapo usiondoke kwenye jengo kabla ya kuuliza kama The Charnel House ya Picasso iko ukutani siku hiyo. Ni ya 1944 hadi 1945, rangi ya mafuta na mkaa, karibu m 2 kwa m 2.5, yote ya kijivu, nyeupe na nyeusi. Chini ya meza kuna rundo la miili ya familia iliyouawa. Juu ya meza kuna jagi na sufuria vilivyoachwa katika mistari ya mkaa tu, bila kupakwa. Watazamaji wengi huishia kwenye miili. Panda juu. Vyombo vile vya kupikia, ambavyo havikupewa hata rangi, vinasema kwamba kulikuwa na mlo uliokuwa unakaribia. Msomaji wa Goma au Bukavu hahitaji mwongozo hapa: watu wakikimbia mapigano, kinachoonekana vichwani barabarani ni godoro, dumu la maji na sufuria, na nyumba iliyoachwa na sufuria jikoni inaeleweka bila maelezo. Ukiziweka picha hizi mbili pamoja, unaona njia mbili za kazi ileile. Miró ameondoa watu akavitesa vitu. Picasso amewaacha watu chini na kuvinyima vitu uhai. Kwetu sisi ya Miró ndiyo ngumu zaidi kuifanya, maana haina miili ya kuiegemea.

Kuhusu huduma. Jumba liko 11 West 53rd Street, Manhattan. Kituo cha treni cha karibu ni Fifth Avenue/53rd Street. Hufunguliwa saa nne na nusu asubuhi na siku nyingi hufungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Watoto wa miaka 16 na chini huingia bure. Wakazi wa jimbo la New York huwekewa jioni ya bure ya Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja na nusu, lakini jioni hiyo ni ya msongamano na haifai kwa mtu anayetaka kusimama dakika 20 mbele ya turubai moja. Kwa anayelipa, asubuhi ya siku ya kazi ndiyo yenye thamani. Chukua tiketi ya mtandaoni ya saa ya kwanza, panda lifti moja kwa moja hadi ghorofa ya tano, ambako huwekwa kazi za miaka ya 1880 hadi 1940, halafu shuka. Wengi huanza chini wakipanda, kwa hiyo unakuwa umewatangulia. Ukisikia kelele, hao ni wa Van Gogh, wapishe.

Tahadhari kubwa zaidi ni hii. Jumba hubadilisha picha zilizo ukutani mara kwa mara na pia huziazimisha nje. Kabla ya kununua tiketi, fungua ukurasa wa kazi hiyo kwenye tovuti yao. Kama ipo ukutani, ukurasa unaonyesha ghorofa na namba ya chumba. Kama haionyeshi, hamisha siku. Kwa mtu anayetoka New Jersey au Boston kwa basi, ukaguzi huo wa dakika moja una thamani kuliko ushauri mwingine wote hapa.

Aliye Dar, Mombasa au Muscat anaweza kuitazama kwenye tovuti hiyohiyo bila malipo, na ubora wa picha unatosha. Tumia kompyuta, si simu. Zima kwanza hali ya usiku inayoongeza unjano kwenye skrini, la sivyo njano na kijani ambazo ndizo moyo wa picha zitachanganyika. Punguza mwangaza hadi karibu nusu, ili nyeusi iwe nyeusi. Kisha fanya jambo moja ambalo skrini haiwezi: chukua utepe wa kubandika, chora ukutani mstatili wa sm 117 kwa sm 81, katikati yake ikiwa usawa wa macho. Hapo utajua kwa mwili wako ukubwa wa tofaa lile na kile kiatu. Kwenye skrini ya inchi 13 picha inaonekana kama kadi. Kwa ukubwa wake halisi vitu vinne tu vinajaza eneo lote hilo, na hakuna hata kimoja unachoweza kukiona kidogo.

Mabango yanayouzwa hatuyapendekezi sana. Rangi za Miró hapa zipo kwenye mipaka ambayo wino nne za kawaida za uchapishaji huzishindwa: njano-kijani hufifia kuwa haradali na nyekundu huelekea kwenye chungwa. Bango la karatasi isiyong'aa ni afadhali kuliko linalong'aa, kwa sababu mng'ao huziua nyeusi. Na usijichapie mwenyewe kwa mchapaji wa mtaani. Miró alifariki 25 Desemba 1983, haki za kazi zake bado zinalindwa.

Walimu wa sanaa hutuuliza kama picha hii inafaa darasani. Inafaa kuliko Guernica, kwa sababu vifaa vyake vinapatikana. Vitu vinne, visivyozidi. Kimoja kiwe chakula, kimoja kiwe chombo chenye ncha, kimoja kiwe kimevaliwa mwilini. Karatasi ya A2. Taa moja iwekwe chini, usawa wa meza, kama nusu mita kutoka kwenye vitu, na taa nyingine zote zizimwe, ili vivuli virefuke. Mwanafunzi achore vitu vikubwa kiasi kwamba angalau viwili vinakaribia kingo za karatasi. Kwa rangi, mpe njano, nyekundu, buluu na nyeusi, umnyime nyeupe kwa saa ya kwanza. Nyeupe ndiyo inayoharibu zoezi hili: kila rangi hugeuka chokaa, na uchungu wote hupoa. Njano ikichanganywa na nyeusi kidogo hutoa kijani cha ugonjwa ambacho hakipatikani kwenye chupa, na hicho ndicho kijani unachokitaka.

Yanayoharibika yanajulikana. Wengi wataweka ganda la risasi mezani. Liondoe. Wengine watadondosha nyekundu kama damu. Mwambie nyekundu iingie kwenye kivuli, isitiririke. Rangi za akriliki zikikauka huwa nyeusi kidogo kuliko zikiwa mbichi, kwa hiyo sehemu za kivuli zianze nyepesi kuliko anavyodhani, vinginevyo saa ya pili picha nzima imezama. Na kosa la walio hodari: wanachora kiatu vizuri mno. Kiatu kikiwa kizuri, jicho linasifu ustadi na kusahau mwenye kiatu.

Kwa wasioweza kufika New York, zipo njia nyingine, ingawa si zote ziko wazi. Düsseldorf, Ujerumani, kwenye Kunstsammlung Nordrhein-Westfalen, kuna fuvu la fahali la Picasso la 5 Aprili 1942, sm 130 kwa sm 97, lililochorwa siku chache baada ya kifo cha rafiki yake mchonga sanamu Julio González, Paris ikiwa chini ya Wajerumani. Meza, fuvu, dirisha lililofungwa, zambarau na nyeusi. Ni kali zaidi kuliko ya Miró na pia ni rahisi zaidi, kwa sababu fuvu ni fuvu. Aliyeko Paris aende Louvre kwa Goya: kichwa cha kondoo na vipande viwili vya mbavu, sm 45 kwa sm 62, cha miaka ya vita vya Hispania dhidi ya Napoleon, 1808 hadi 1812, na sahihi ya mchoraji iko kwa rangi nyekundu karibu na kichwa. Picha za aina hiyo 12 ziliorodheshwa katika mali ya nyumba ya Goya mwaka 1812, baada ya mkewe Josefa kufariki, Madrid ikiwa imetoka kwenye njaa kubwa. Moja nyingine, rundo la samaki ufukweni usiku, iko Museum of Fine Arts, Houston, na kwa Waswahili wengi wa Texas hiyo ndiyo safari fupi kuliko zote. Pompidou, jumba la sanaa la Paris, wana picha ya sufuria ya enameli ya Picasso ya Februari 1945, jagi na mshumaa kando yake, lakini jengo lao la Paris limefungwa kwa ukarabati tangu 2025 na linatarajiwa kufunguliwa 2030, kwa hiyo usilipangie tiketi ya ndege.